Kumpokelea Hasimu Ngumi

Swali la msomaji wetu wa Morogoro:

"Mwalimu, shikamoo. Hobbs & Shaw niliiona kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha video hapa mtaani, ikiwa imetafsiriwa na DJ. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Juzi nimeiangalia tena kwa Kiingereza, peke yangu, kwenye simu, na sikucheka hata nusu ya siku ile. Je, filamu yenyewe ni nzuri, au utamu wote ulikuwa wa mtafsiri? Nauliza kwa sababu nimeanza kuandika muswada wa filamu fupi ya mahasimu wawili wanaolazimika kufanya kazi pamoja, na nilitaka kuifanya hiyo kuwa kielelezo changu. Pia, je, ilibidi niangalie Fast & Furious zote kwanza?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo ambalo huwa nawahimiza wanafunzi wangu kila muhula na wachache hulifanya: umeangalia kazi ileile mara mbili, katika hali mbili, ukaona tofauti na ukaitafutia sababu. Sehemu ya sababu ni ya wazi. Kicheko huambukiza, na simu haina watu hamsini waliobanana kwenye mabenchi. Lakini hiyo siyo sababu yote, na iliyobaki ndiyo itakayokusaidia kuandika.

Nianze na swali lako la mwisho maana ni jepesi. Huhitaji kuziangalia zote. Luke Hobbs, anayeigizwa na Dwayne Johnson, aliingia katika ya tano, Fast Five (2011), akiwa askari wa serikali ya Marekani aliyetumwa Rio de Janeiro kumkamata Dominic Toretto, mhusika mkuu wa mfululizo huu. Deckard Shaw, yaani Jason Statham, alichungulia mwishoni mwa ya sita (2013), kisha akawa adui mkuu wa ya saba (2015). Ya nane (2017) ikawatupa wote wawili jela moja, selo zikitazamana, wakarushiana vitisho kupitia nondo, na watazamaji wakakipenda kile kipande kuliko mambo mengi makubwa yaliyofuata. Ndipo likakatwa tawi na kupandwa peke yake: Hobbs & Shaw, Agosti 2019, muongozaji David Leitch, waandishi Chris Morgan na Drew Pearce. Iligharimu takriban dola milioni 200, ikaingiza takriban milioni 760 duniani kote. Angalia ya saba, halafu kile kipande cha jela katika ya nane. Inatosha.

Ila ukiiangalia ya saba utagundua jambo. Uadui wa hawa wawili ulianza na damu. Shaw alivamia ofisi ya Hobbs usiku, wakapigana mpaka samani zikawa vipande, na mlipuko ukamrusha Hobbs dirishani hadi juu ya gari chini, akaishia hospitali. Na kwa jinsi hadithi ilivyosimuliwa wakati ule, Shaw ndiye aliyemuua Han, mmoja wa watu waliopendwa sana katika kundi la Toretto. Sasa njoo kwenye filamu yetu ya 2019. Msiba wa Han unapita bila matanga. Hakuna anayeudai wala anayeujibia. Mashabiki wengi waliumia, wakapiga kelele mpaka Han akarudishwa akiwa hai katika ya tisa (2021). Mimi nilikuwa upande wao, na bado niko.

Hilo linagusa kicheko chako moja kwa moja. Ukiondoa damu katikati ya mahasimu, wanabaki kugombania nini? Katika Hobbs & Shaw wanagombania nani ana misuli, nani ana sauti mbaya, nani ana sura ya kutisha watoto. Ni matusi matupu, na matusi hukaa ndani ya lugha. Mfano mzuri ni uwanja wa ndege. Shaw anamtengenezea Hobbs kitambulisho cha bandia na kumwandikia jina ambalo macho yakilipitia halina neno, lakini likitamkwa kwa sauti kwa Kiingereza linakuwa neno la aibu kabisa. Anayejua Kiingereza cha mtaani anaanguka chini kwa kicheko. Asiyekijua anaona tu mtu mkubwa amekasirika mbele ya mizigo. Mtafsiri wako wa kibandani alilijua hilo kwa uzoefu. Hakutafsiri utani ule, kwa sababu hautafsiriki. Alitunga wa kwake, wenye majina ya mitaa yenu na mambo ya wiki ile. Tangu enzi za Lufufu huku Tanzania, na DJ Afro kule Kenya, kazi ya hawa watu haijawahi kuwa kutafsiri tu. Ni kusimulia upya juu ya picha. Kwa hiyo ndiyo, mwanangu: maneno mengi uliyoyacheka siku ile yalikuwa mali ya yule DJ, na anastahili heshima yake.

Lakini hukurudi kuiangalia tena kwa ajili ya maneno. Kuna kitu kilikushika.

Kabla ya kukitaja, nikueleze kilichoifunga mikono filamu hii. Mwezi uleule ilipotoka, gazeti la The Wall Street Journal liliripoti jinsi nyota wa mfululizo huu wanavyolinda heshima yao kwenye mapigano. Liliandika kwamba Statham alikuwa na makubaliano na studio kuhusu kiasi anachoweza kupigwa mbele ya kamera, kwamba dada wa Vin Diesel (anayemwigiza Toretto), ambaye ni mtayarishaji, alihesabu ngumi anazopigwa kaka yake, na kwamba Johnson naye aliwatumia watayarishaji, wahariri na waratibu wa mapigano kuhakikisha anarudisha kadiri anavyopokea. Ukishalijua hilo, angalia upya kila mahali Hobbs na Shaw wanapokaribia kushikana. Mtaalamu wa mapigano hakukosekana hapo. Leitch mwenyewe kabla ya kuwa muongozaji alikuwa mwigizaji mbadala wa matukio ya hatari, alimwigizia Brad Pitt, na alishiriki kuongoza John Wick ya kwanza (2014). Anajua mwili unavyoanguka. Lakini ukipewa watu wawili ambao hakuna anayeruhusiwa kuonekana dhaifu, mizani italala sawa kila mara: ngumi kwa ngumi, tusi kwa tusi. Komedi inahitaji mtu ateleze, na steringi akikataa kuteleza kwa mwili, utani wote unahamia mdomoni.

Ndiyo maana sehemu bora ya nusu ya kwanza ni ile ambayo hawajakutana kabisa. Kumbuka mwanzo: skrini imegawanywa katikati. Kushoto na kulia watu wawili wanaamka, mmoja Los Angeles, mwingine London. Upande wa Hobbs rangi ni ya joto, kama jua la jioni. Upande wa Shaw ni ya ubaridi, samawati ya usiku. Hobbs anapasua mayai mabichi kwenye glasi na kuyagugumia. Shaw anayakaanga taratibu, kwa adabu, kama mtu anayepika kwa ajili ya mgeni. Halafu kila mmoja anaenda kumtafuta mtu wa kumhoji, na kila mmoja anapiga watu kwa mtindo wake. Dakika chache tu, na ungeondoa sauti yote bado ungeelewa mambo matatu: hawa ni tofauti, hawa wanafanana, na wangekutana wasingeelewana hata namna ya kula yai. Uandishi ule ni mzuri sana. Uige bila aibu.

Mwanangu, sisi tuna kitu ambacho wenzetu wa Hollywood wangekihitaji hapa, nacho ni utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na usikasirike. Lakini haki ile ameinunua. Siku ya msiba ndiye anayefika kukejeli waombolezaji, anayedai apewe chochote kabla shughuli haijaendelea, na huyohuyo ndiye anayeshika jembe na kuchota maji. Tusi lake lina wajibu nyuma yake, ndiyo maana linachekesha badala ya kuumiza. Ukiiangalia Hobbs & Shaw kwa jicho hilo, unaona kwamba karibu saa moja na nusu ya mwanzo wanatukanana kabla hawajapata haki ya kutukanana. Hakuna aliyemzikia mwenzake. Mtafsiri wa kibandani, kwa kuwa yeye ni mtani wenu nyote mliokaa pale, aliwaazima haki yake.

Sasa, kulazimika. Umeandika "wanaolazimika", na neno hilo ndilo mhimili wa aina hii ya filamu. Jiulize kila ukurasa: kwa nini huyu hasemi "kwaheri" na kuondoka? Katika The Defiant Ones ya 1958, Sidney Poitier na Tony Curtis ni wafungwa watoro waliofungwa pamoja kwa mnyororo. Jibu lipo kwenye vifundo vya mikono yao. Katika 48 Hrs. ya 1982, filamu ya kwanza ya Eddie Murphy, polisi anamtoa mfungwa kwa saa arobaini na nane tu ili amsaidie kumsaka muuaji. Mnyororo pale ni saa. Katika filamu yetu, mnyororo wa Shaw ni imara: Hattie, dada yake, jasusi wa Uingereza, amejidunga kirusi hatari ili kisichukuliwe na maadui, na kisipotolewa kwa wakati atakufa na kuambukiza dunia. Mnyororo wa Hobbs ni kazi. Ametumwa. Mtu aliyetumwa anaweza kuacha, na mtazamaji analijua hilo hata kama hawezi kulieleza. Hii ndiyo sababu nyingine ya ule ubaridi ulioupata ulipokaa na simu yako.

(Kuhusu kaka na dada hao, niseme lililonikera. Filamu inatuonyesha utoto wao wakicheza pamoja kama watoto wa rika moja. Statham amezaliwa 1967, Vanessa Kirby 1988. Kirby anaibeba nafasi yake vizuri mno, lakini kila picha za utoto zilipotokea nilitoka nje ya hadithi nikaanza kupiga hesabu.)

Mambo yanabadilika wanapofika Samoa. Sehemu hiyo ilipigwa kisiwani Kauai, Hawaii, lakini nyuma yake kuna ukweli: mama yake Johnson ni Msamoa, na babu yake upande huo, Peter Maivia, alikuwa mwanamieleka maarufu. Hobbs alihama nyumbani miaka mingi iliyopita baada ya kumripoti baba yake mhalifu kwa vyombo vya sheria. Anaporudi, kaka yake Jonah anampokea kwa ngumi. Na hapa, kwa mara ya kwanza, Hobbs anatuhitaji tumhurumie. Mtu mwenye misuli kama gogo la mninga anasimama mbele ya mama yake kama mtoto aliyevunja chungu. Shaw analiona hilo. Haneni chochote kirefu, lakini naye ana mama aliye gerezani na dada aliyeamini kwa miaka kwamba kaka yake ni msaliti. Wote wawili wameharibikiwa nyumbani. Hapo ndipo wanapofanana kweli, zaidi ya ubishi wa nani ana ngumi nzito.

Kisha inakuja dharura nzuri: silaha za moto za familia hazipo, mama ameziondoa nyumbani. Ndugu wanaingia vitani na rungu za jadi. Helikopta ya adui inamchukua Hattie, Hobbs anainasa kwa mnyororo wa gari la kuvutia magari mabovu, nayo inaliinua gari. Gari la pili linajifunga kwenye la kwanza, la tatu kwenye la pili. Haiwezekani kisayansi, na sijali, kwa sababu picha inakuonyesha kwa macho kinachotokea: familia inajifunga mnyororo, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyesema hotuba. Minyororo yenyewe inaeleza.

Na mwisho kabisa, pale ukingoni mwa genge, mvua inanyesha. Nakuomba uiangalie sehemu hii na sauti umezima kabisa. Adui, Brixton, anaigizwa na Idris Elba, mtoto wa London mwenye mama wa Ghana na baba wa Sierra Leone (ndiye huyuhuyu ambaye mwaka 2024 Zanzibar ilitangaza kumtengea ardhi ya kujenga studio ya filamu, kwa hiyo mwandishi chipukizi wa Morogoro ana sababu ya kumfuatilia). Brixton amepandikizwa mitambo mwilini. Macho yake yanapiga hesabu ya kila ngumi kabla haijafika. Hobbs akirusha, inakwepwa. Shaw akirusha, inakwepwa. Wanajaribu, wanaanguka. Halafu wanagundua kwamba ule mtambo ukishughulika kumpiga mmoja, unamwachia mwanya mwingine. Ina maana gani? Ina maana mmoja akubali kupigwa. Asimame, asikwepe, aipokee kwa uso wake, ili mwenzake apate nafasi. Kisha wabadilishane.

Picha inakwenda taratibu. Ngumi ya Brixton inatua kwenye shavu la Hobbs, matone ya mvua yanaruka, na katika nukta ileile ngumi ya Shaw inampata Brixton. Kisha Shaw anapokea, Hobbs anapiga. Sasa rudisha kumbukumbu kwenye ile habari ya gazeti. Hawa ni nyota wawili ambao kipigo chao kinasemekana kulindwa kama mali ghali, na filamu inawapa njia moja tu ya kushinda: kila mmoja apigwe kwa ajili ya mwenzake. Sijui kama waandishi walikusudia mwangwi huo. Ninachojua ni kwamba tangu mwanzo mpaka hapo, kila mmoja alikuwa akidai mwenzake ndiye mzigo, na sasa kila mmoja anaubeba mzigo huo usoni. Huo ndio msiba uliowafanya watani. Baada ya hapo wanatukanana tena, na nina hakika ulicheka hata kwa Kiingereza, kwa sababu sasa haki wanayo.

Kwa hiyo ukiifanya kielelezo, chukua mwanzo wake na mwisho wake. Katikati usiifuate.

Na usiogope kwamba huna helikopta. Nimewaza mfano nikiwa nakuandikia, uutumie au uutupe. Mafundi cherehani wawili wa soko moja, hawasalimiani tangu mmoja alipomchukulia mwenzake mteja mkubwa wa sare za shule. Ijumaa jioni umeme umekatika mtaa mzima. Gauni la bibi harusi limebaki nusu, na harusi ni kesho asubuhi. Kitambaa na vipimo viko kwa mmoja, ambaye mashine yake ni ya umeme na amefunga plasta mguu mzima baada ya kuanguka na bodaboda. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu iko kwa mwingine, ambaye vidole viliungua kwa pasi ya mkaa na hawezi kushika kitambaa chembamba. Unaona mnyororo wako? Mmoja akanyage, mwingine aongoze kitambaa. Watu wawili wasiopatana, kwenye cherehani moja, kwa mwanga wa tochi ya simu, mabega yakigusana. Wa kukanyaga akiongeza kasi, sindano inamfukuza wa kuongoza. Wa kuongoza akichelewa, uzi unakatika na wote wanaanza upya. Hapo utapata ucheshi kurasa nne bila tusi hata moja, na DJ yeyote akiisimulia kwa lugha yoyote, watu watacheka kwa sababu ya miguu na mikono.

Matusi yaweke, lakini kidogo, na yatoke kwenye kazi: mshono uliopinda, pindo lililofumuka miaka mitatu iliyopita na bado linakumbukwa. Na yule mteja wa sare za shule usimsahau, usije ukamzika bila matanga. Lazima atajwe usiku ule, na lazima mmoja alipie.

Ngumi ya kupokea iweke asubuhi. Mama wa bibi harusi anafika, analigeuza gauni ndani nje, anakagua mishono kama mkaguzi wa mahesabu, kisha anauliza: "Nani ameshona hili? Nina mabinti wengine watatu." Kamera ikae kwenye uso wa yule aliyechukuliwa mteja. Anajua jina lipi litamletea kazi ya mwaka mzima. Anatazama plasta na vidole vilivyoungua. Anamtaja mwenzake.

Uandike ukurasa huo kwanza, kabla ya mingine yote. Ukishaupata, rudi mwanzo uwagombanishe.